Nimetoka Napoli hadi Pompei kwa treni na baiskeli, na nina neno kwa watu wa Goma

MtotoWaMurara

Ndugu zangu, dada zangu, wazee wangu wa Goma, jambo yenu.

Niko Napoli, Italia, kwa mafunzo ya miezi sita ya kukarabati majengo ya mawe. Baba yangu ni fundi wa kujenga pale Murara, na wengine mnaosoma hapa mnalala ndani ya kuta alizozipanga yeye. Tangu nikiwa na miaka kumi nilikuwa namchagulia mawe ya lava, na hadi leo nikipita karibu na ukuta mkono unakwenda wenyewe kuupapasa. Jumapili iliyopita nilifanya safari ya siku moja iliyoninyima usingizi. Nimeona niilete hapa.

Pompei tuliisikia shuleni: mji wa Waroma uliofunikwa na mlima Vesuvio mwaka 79. Wenzangu wa mafunzo walikwenda kwa basi, wakapiga picha, wakarudi. Mimi nilitaka kuukaribia polepole, kwa kukanyaga pedali, nione pia watu wanaoishi leo chini ya mlima ule. Nikapanga hivi: treni hadi Portici, halafu baiskeli kupitia Ercolano na Torre del Greco hadi Pompei, kama kilomita 15, kisha treni ya jioni kurudi. Nilichagua Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa sababu siku hiyo magofu na makumbusho ya serikali huku huingiwa bure. Baiskeli aliniazima mama mwenye nyumba. Ni ya kukunja, na kwenye treni za kawaida za mkoa ukishaikunja huhesabiwa kuwa mzigo wa mkononi, hailipiwi.

Sisi wa Goma treni tunaijua kwa picha. Hii niliyopanda inapita kwenye reli ya kwanza kabisa ya Italia, iliyofunguliwa tarehe 3 Oktoba 1839 kutoka Napoli hadi Portici, kilomita 7 na kidogo. Nilikaa dirishani. Bahari kulia, mlima kushoto, nyumba zimebanana katikati. Hiyo si ndiyo Sake kuja Goma? Ziwa kulia, Nyiragongo, mlima wetu wa moto, kushoto. Vesuvio ni mfupi, mita 1,281, na Nyiragongo wetu una mita 3,470, lakini namna unavyowakalia watu ni ile ile.

Portici nilisimama kwa ajili ya kitu kimoja tu, jiwe ambalo mama mwenye nyumba alinisisitizia nisilipite. Mwaka 1631 Vesuvio ulilipuka baada ya kutulia muda mrefu, ukaua maelfu ya watu. Mwaka uliofuata, mtawala aliyeiongoza Napoli kwa niaba ya mfalme wa Hispania aliamuru bamba la jiwe liwekwe kando ya barabara. Maneno yake ni ya Kilatini, na yanaanza kwa kuita: «Posteri, posteri, vestra res agitur.» Yaani, ninyi mtakaozaliwa baadaye, ninyi mtakaozaliwa baadaye, jambo hili ni lenu. Linaeleza dalili za mlima kabla haujamwaga moto wake, kisha linamwambia msomaji: ukiwa na akili, lisikilize jiwe linalopiga kelele, idharau nyumba, vidharau vifurushi, usikawie, kimbia.

Magari yalikuwa yananipita karibu kabisa. Nililisoma mara tatu, nikitafsiriwa na kijana mmoja wa pale aliyesoma Kilatini shuleni. Karibu miaka 400 jiwe lile linawaambia watu wakimbie, na limebaki pale pale.

Ercolano mji wa kale uko chini, kama umo ndani ya shimo. Unasimama ukingoni, unaziona nyumba za Waroma chini ya miguu yako, nyuma yake umesimama mwamba wa volkano wa mita kama 20, na juu ya mwamba huo kuna nyumba za leo zenye nguo zimeanikwa. Mji wa walio hai umekaa kichwani mwa mji wa wafu. Tulianza kuuchimbua, nasema tulianza kama vile nilikuwepo, mwaka 1738, miaka kumi kabla ya Pompei.

Kilichonishika huko ni mbao. Milango, boriti, kitanda, hata kitanda cha mtoto cha kubembelezea, vyote vipo, vimekuwa vyeusi. Wageni walikuwa wanashangaa imekuwaje mbao zisiungue zikaisha. Mtu wa Goma hashangai. Ni makala, yaani makaa! Mchoma makala anafanya nini? Anapanga magogo, anayafunika kwa udongo, hewa isiingie, moto uyapike bila kuyala. Vesuvio ulifanya tanuru la mji mzima. Ulifunika kwa majivu ya moto yaliyoshikana, hewa ikakosa njia, mbao zikageuka makala na kubaki na umbo lake.

Mwisho wa mji, palipokuwa ufuko, kuna vyumba vya matao walivyowekea mashua. Kuanzia mwaka 1980 wachimbaji walikuta humo mifupa ya watu karibu 300. Walikimbilia ziwani, samahani, baharini, wakangoja mashua. Sisi mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini, tulikimbilia wapi? Mimi nilikuwa na miaka minane, na nakumbuka baba akimkataza mama asielekee upande wa maji.

Kutoka hapo barabara imetandikwa mawe meusi ya lava, mapana, yaliyolainishwa na magurudumu. Kwa baiskeli ya magurudumu madogo ni mateso hasa. Nilikuwa nawaza chukudu tu, vigari vyetu vya mbao vya kusukuma kwa mguu: ile kuruka ruka ya mbao juu ya mawe, mikono inakufa ganzi, na ukishuka mteremko unamwachia Mungu.

Sasa sikieni kuhusu Torre del Greco, maana Pompei ina wasifiaji wake tayari. Torre del Greco ni mji wa wavuvi na mafundi wa marijani, katikati ya mlima na bahari. Tarehe 15 Juni 1794 lava ilishuka usiku, ikapita katikati ya mji, ikafika baharini. Watu wakarudi, wakajenga juu yake. Kanisa la Santa Croce lilifunikwa, kanisa jipya likajengwa juu ya lile la zamani, lakini mnara wa kengele wa zamani waliuacha. Sehemu yake ya chini imezama kwenye lava, sehemu ya juu imetokeza, na kengele iko karibu sana na mtu kuliko kengele yoyote niliyowahi kuiona. Nilishuka kwenye baiskeli, nikakaa kwenye ngazi za kanisa nikaona nalia. Tuliachiwa picha hii hii Goma: kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, kuta zimesimama ndani ya jiwe jeusi, paa hakuna.

Wanaopakana nao wana msemo: Napoli inatenda dhambi, Torre inazilipa. Mzee aliyeuza kahawa mbele ya kanisa ndiye aliyenieleza, akaniuliza natoka wapi. Nilipotaja Nyiragongo aliijua. Alikataa hela yangu.

Pompei nilifika saa nane na nusu mchana, jasho tele. Ni kubwa mno, hekta 66, na theluthi moja haijachimbuliwa. Njia zina mifereji iliyochongwa na magurudumu ya mikokoteni, na mawe ya kuvukia yamewekwa kwa nafasi ili mkokoteni upite na mtu asikanyage maji machafu. Kuna duka la mkate ambalo tanuri lake lilikutwa na mikate 81, na vinu vyake vya kusagia ngano ni vya jiwe la lava. Kuna watu wale wa plasta. Miili ilioza ndani ya majivu yaliyokauka, ikaacha nafasi tupu, na mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina plasta kwenye nafasi hizo. Sitaki kuwaelezea sana. Mmoja amejifunika uso kwa mikono.

Lakini mimi ni mtoto wa fundi, na lililonitesa ni jingine. Mwaka 62 tetemeko kubwa liliiharibu Pompei. Miaka 17 baadaye walikuwa bado wanakarabati. Mwaka 2024 wachimbaji walionyesha nyumba iliyokuwa inajengwa siku mlima ulipolipuka: vigae vimepangwa, chokaa ipo, zana za fundi zipo. Fundi huyo alikuwa anatengeneza ufa wa tetemeko bila kujua tetemeko lilikuwa linamwambia nini.

Basi neno langu ni hili. Goma haina jiwe linalopiga kelele. Lava ya 2002 tumeiponda kokoto, tumeijengea, tumeitandika. Tumefanya vizuri, ndivyo tulivyoishi. Lakini mtoto aliyezaliwa mtaa wa Birere mwaka 2005 hajui kwamba anacheza mpira juu ya paa la nyumba ya mtu. Tuache mahali pamoja, hata padogo, lava ionekane, na paandikwe. Mnasemaje?

Chukudu_Kibumba

Kaka, umesimulia vizuri sana. Mimi ni mtu wa magurudumu, nijibu haya: ukikunja baiskeli kondakta hasumbui? Na barabara ya Torre hadi Pompei ina nafasi ya baiskeli au unapigana na malori?

MtotoWaMurara

Hasumbui, kaka. Ikunje kabla ya kupanda, isizibe mlango. Barabara ni nyembamba, magari mengi, na madereva wa huku wanapiga honi kama wamotari wetu. Njia ya baiskeli nilikutana nayo vipande vipande tu. Nakushauri uondoke mapema, Jumapili asubuhi wengi wamelala. Na beba maji. Lakini bomba za maji ya kunywa mitaani zipo, bure, unajaza chupa. Hilo peke yake lilinikumbusha bidoni (madumu) na foleni ya kwetu.

MamaWaBirere

Mwanangu, nimesoma yote kwa sauti, watoto wangu wakisikiliza. Nataka kuongea juu ya hilo jiwe la Portici.

Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na maharage jikoni. Tulisikia ardhi inatetemeka tangu asubuhi, moshi ukawa mzito, watu wakaanza kupita mbio. Mume wangu alisema tuondoke bila kitu. Mimi nilikataa. Nilibeba cherehani kichwani, mtoto mgongoni, mwingine nikamshika mkono. Tulivuka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda. Usiku ule tuliangalia nyuma, mbingu juu ya mji ilikuwa nyekundu. Nyumba yetu haikuonekana tena, mtaa mzima ulikuwa umeinuka kimo cha mtu. Tulirudi siku chache tu baadaye, jiwe bado linatoa joto, watu wametandika mbao na matawi ili wavuke.

Cherehani ile ndiyo iliyotulisha. Nilishona kwenye kibanda cha mbao juu ya lava yenyewe. Sasa jiwe linaniambia nividharau vifurushi? Aliyeandika hakuwa na watoto watano. Alikuwa mtawala, angekula popote alipokimbilia. Msiniandikie maneno hayo hapa Goma.

MtotoWaMurara

Mama, nimekusikia, na sina la kukujibu haraka. Pale Ercolano, kwenye matao ya ufukoni, wapo waliokutwa na mapambo, na funguo, na hela. Walibeba walichoweza. Hakuna aliyewaona wajinga.

MzeeWa77

Vijana, mimi niliona ya kwanza. Tarehe 10 Januari 1977, nikiwa na miaka kumi na tisa. Ya 2002 ilitembea, mtu alipata nafasi ya kukimbia. Ya 1977 ilikimbia yenyewe. Ziwa la lava lililokuwa ndani ya mlima lilitoka lote kwa muda usiofika saa moja, ubavu umepasuka. Kule juu, karibu na mlima, ilishuka kwa kasi ya gari, watu hawakuwahi kutoka mashambani. Mjini haikufika, ilisimama kabla ya uwanja wa ndege, kwa hiyo watu wa mjini wakaisahau mapema.

Umetaja watu wa plasta. Kwetu kuna tembo. Kundi la tembo lilinaswa na lava ya 1977, miili ikaoza, nafasi zake zikabaki kwenye jiwe. Wataalamu waliziona. Mimi niliambiwa na mjomba wangu aliyekuwa mlinzi wa mbuga, alikuwa akiingiza mkono palipokuwa mguu wa tembo. Nakuunga mkono kuhusu jiwe. Ila usianzie 2002. Andika na 1977.

Jiolojia_ISP

Asante mzee wangu, hilo la tembo huwa tunalisimulia darasani. Kaka Murara, naomba nirekebishe kidogo, kwa sababu ukilinganisha Goma na Pompei moja kwa moja watu watajifunza kuogopa kitu kisicho chao.

Lava ya Nyiragongo ina silika (madini yaliyo kwenye mchanga) kidogo sana, ndiyo maana ni nyepesi kama uji wa maji na inakimbia. Inachoma na kufunika, lakini mara nyingi unaiona inakuja. Vesuvio mwaka 79 haukutoa mto wa lava juu ya Pompei. Magma yake, yaani mawe yaliyoyeyuka ndani, ilikuwa nzito, gesi ilibanwa ndani, ikapasuka. Nguzo ya majivu ilipanda zaidi ya kilomita 30. Plinio Mdogo, mwandishi wa Kiroma, aliiona kutoka Miseno, ng'ambo ya ghuba, akaifananisha na mti wa msonobari wenye shina refu na matawi juu. Saa nyingi Pompei ilinyeshewa vijiwe vyepesi vyenye matundu, paa zikaanguka kwa uzito. Kesho yake yakaja mawimbi ya gesi ya moto na majivu, yanayoteremka kwa kasi isiyokimbiwa. Hayo ndiyo yaliyoua waliobaki. Ercolano yaliifikia usiku, mapema zaidi.

Kwa hiyo Torre del Greco ni ndugu yetu kweli, lava kwa lava. Pompei ni binamu wa mbali.

Na kuna hatari yetu ambayo wao hawakuijua kama sisi, hata neno lake wanasayansi wa dunia wanalitumia la Kiswahili: mazuku. Kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anashuka shimoni asubuhi, hapandi tena. Mtoto anamfuata. Jiwe la Goma likiandikwa, mazuku iwemo.

MtotoWaMurara

Umenirekebisha vizuri, kaka. Nakubali yote. Nilipofika Pompei nilikuwa natafuta sisi, na nilishatuacha nyuma pale kwenye mnara wa kengele.

FundiKatoyi

Murara, baba yako namjua, tumejenga naye. Sitaki kukukatisha tamaa lakini nitasema la kazini. Jiwe la lava ni mkate wetu. Kuna familia Ndosho na Katoyi zinaamka saa kumi na moja kuponda kokoto, mama na watoto, wanauza kwa bidoni na kwa lori. Kiwanja chenye lava mtu anakisawazisha kwa nyundo miezi miwili ndipo apate mahali pa kuweka kibanda. Unataka nani aache kipande chake kwa ajili ya kumbukumbu? Huko Italia watalii wanalipa. Kwetu mtalii alikuwa akija anapanda mlimani kuangalia ziwa la moto, akishuka anarudi kwao.

Na kitu kingine. Watu wanaogopa alama. Ukiandika kwamba lava ilipita hapa, kiwanja kinashuka bei.

MwalimuHimbi

Fundi, nimekuelewa, lakini bei ya kiwanja ndiyo hasa inayotunyamazisha, na mimi nasimama mbele ya watoto.

Nafundisha darasa la tano. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulipotoka tena, wanafunzi wangu hawakuwa wamezaliwa mwaka 2002. Wengi wao walikimbia bila kujua wanakimbilia upande gani. Wapo waliopanda kuelekea Kibati, yaani kuufuata moto, kwa sababu ndiko kwa bibi yao. Watoto walipotea siku nyingi. Lava ilisimama Buhene, mlangoni mwa mji. Halafu matetemeko ya siku zile, nyufa kwenye kuta, na tarehe 27 asubuhi tukaambiwa sehemu kubwa ya mji iondoke. Sake, Rutshuru, mashua za Bukavu, mpaka wa Rwanda. Mnakumbuka foleni ile.

Baada ya kurudi niliwauliza darasani: lava ya 2002 ilipita wapi? Walinyamaza. Shule yetu haiko mbali na njia yake. Sihitaji kiwanja cha mtu. Nahitaji mstari wa rangi kwenye ukuta wa shule: lava ilifika kimo hiki. Na mshale: ukisikia tangazo, nenda upande huu. Mtoto anaupita kila siku, unaingia kichwani kama hesabu.

FundiKatoyi

Mstari wa rangi sikatai. Rangi nitatoa mimi.

Chukudu_Kibumba

Na mimi nitabeba. Siku ya salongo, ya kazi za pamoja.

MtotoWaMurara

Mwalimu, hilo la mshale huku wanalo kwenye karatasi. Kuzunguka Vesuvio wamechora eneo jekundu, watu zaidi ya laki sita wanaishi ndani yake, na kila mji umepangiwa mkoa utakaoupokea ikibidi kuondoka. Wanahesabu saa 72 za kuwatoa wote. Mama mwenye nyumba anajua mkoa wa dada yake anayeishi Ercolano, alinitajia bila kufikiri. Lakini nilipomuuliza kama dada yake ataondoka kweli, alinyamaza, akasema ana mkahawa.

Tatizo ni lile lile la cherehani, mama yangu wa Birere. Nimelifikiria siku tatu.

MamaWaBirere

Mwanangu, nami nimelifikiria. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa ametangulia na mtoto wa tatu. Tulipotezana Gisenyi siku mbili kwa sababu mimi nilichelewa kufungua ile cherehani kwenye meza yake. Skrubu nne. Sikuwahi kuwaambia watoto hilo. Jana niliwaambia.

Bado nasema ningeibeba. Lakini leo ningeifungua tangu siku mlima unapoanza kunguruma, si siku ya kukimbia.

MzeeWa77

Hayo ndiyo maneno ya kuandika, mama. Mlima ukianza kunguruma, fungua skrubu.

MtotoWaMurara

Naleta habari za nyumbani. Nilimtumia baba uzi huu, dada yangu akamsomea. Alikaa kimya, kisha akamwambia aondoe mkeka jikoni.

Hamjui nyumba yetu, nieleze. Baba alijenga ya sasa juu ya ile ya zamani mwaka 2003, pale pale, kwa sababu hati ilikuwa ya pale. Sikuwahi kujua alichokifanya kwenye sakafu. Chini ya mkeka kuna bamba la zege lenye pete ya chuma. Ukilivuta unaona kizingiti cha juu cha mlango wa nyumba yetu ya kwanza, mbao zake zimekuwa makala, zimebanwa na lava pande zote, umbo la mlango limekaa sawa. Alilikuta alipokuwa anasawazisha. Hakuweza kuliponda. Miaka yote hii tunapika ugali juu yake na hakusema.

Dada amenitumia picha. Nimeiweka sambamba na picha ya mlango wa Ercolano, na kwa kweli ukiniuliza upi wa wapi nitakuonyesha kwa rangi ya jiwe tu, letu ni jeusi zaidi.

Baba anasema bamba lile la zege atalitoa, ataliweka nje ukutani, upande wa barabara, watoto wa shule wanakopita. Jikoni ataweka kioo kinene akikipata. Anataka kuchonga maneno kwa patasi, na anauliza ninyi mnataka yaandikwe nini. Nafasi ni ya mistari mitatu.

MwalimuHimbi

Lava ilipita hapa, 17.1.2002.

MzeeWa77

Mstari wa pili: Mlima ukinguruma, jiandae. Ukiambiwa toka, toka.

MamaWaBirere

Wa tatu: Shika watoto kwanza.

MtotoWaMurara

Nimempelekea. Amepima kwa kamba, amesema herufi zitaenea. Ataanza Jumatatu.